Je, dubu wanawamaliza samoni kabla hawajataga?

Msomaji wetu wa Mwanza anauliza: "Nimekuwa nikitazama kwenye intaneti kamera ya moja kwa moja ya maporomoko ya Brooks, huko Alaska. Dubu wamesimama juu ya maporomoko, samaki anaruka, dubu anamdaka kwa mdomo. Wengine wanapasua tumbo, wanakula mayai, mwili mzima uliobaki wanauacha. Samaki hao wametoka baharini kuja kutaga, na nasikia wanataga mara moja tu maishani. Huku kwetu tunaambiwa tusivue samaki wenye mayai kwenye midomo ya mito. Mbona kule dubu wanaachwa? Hawawamalizi samaki? Na kama hawawamalizi, ni kwa nini?"

Hawawamalizi, ndugu yangu. Ila ukiishia kwenye neno hilo utakosa uhondo wote, kwa sababu viko vijito huko huko Alaska ambako, katika miaka fulani, dubu huua zaidi ya nusu ya samoni wote walioingia, na samoni wa vijito hivyo bado wapo. Kwa hiyo usiulize tu dubu wameua wangapi. Uliza wamemuua yupi, akiwa amefikia wapi katika kazi yake ya kuzaa, na kwenye maji ya kina gani. Idadi peke yake imewahi kuwapotosha hata wataalamu, na habari hiyo nitakupa hivi punde.

Tuanze na samaki mwenyewe. Samoni unaowaona Brooks ni aina ya sockeye, ambao watu wengi wa Alaska huwaita samoni wekundu. Huzaliwa kwenye maji baridi, hukulia ziwani mwaka mmoja au miwili, kisha huteremka baharini. Huko hula na kunenepa kwa miaka miwili au mitatu, halafu hurudi kwenye maji yale yale walikozaliwa, na katika hatua ya mwisho ya safari huongozwa na harufu ya mto wao. Wakishaingia maji baridi wanaacha kula. Chochote watakachofanya kuanzia hapo, iwe kupanda maporomoko, kupigana, kuchimba, au kukomaza mayai na manii, kinalipiwa na mafuta na misuli waliyokuja nayo kutoka baharini. Rangi ya fedha inatoweka, mwili unakuwa mwekundu na kichwa kijani. Dume anaota nundu mgongoni, na taya zake zinarefuka na kupinda. Jike analala ubavu na kuipiga changarawe kwa mkia mpaka pafanyike shimo. Anataga, dume aliye pembeni yake anamwaga manii, kisha jike anasogea juu kidogo ya mkondo na kuchimba tena, ili changarawe inayotoka ifukie mayai ya kwanza. Jike mmoja hubeba mayai yapatayo 3,000 hadi 4,000. Akiyamaliza anakilinda kiota kwa siku kadhaa mpaka nguvu zimwishie. Halafu anakufa, na dume naye anakufa. Dubu awepo asiwepo, hakuna kati yao atakayerudi baharini.

Hilo la mwisho ndilo linalobadili hesabu nzima. Jike aliyekamatwa siku ya kwanza, tumbo likiwa limejaa, amepoteza uzazi wake wote. Jike yule yule angekamatwa wiki moja baadaye, mayai yote yakiwa chini ya changarawe, angepoteza siku chache za ulinzi tu, za maisha ambayo yalikuwa yanaisha. Kwenye daftari wote wawili wataandikwa "ameuawa na dubu". Kwa kizazi kijacho, mmoja ni hasara kamili na mwingine karibu si hasara.

Ukitaka kujua ni yupi kati ya hao wawili, lazima ushike mzoga. Watafiti wanaopita kando ya vijito hivyo hufanya hivyo kwa kila samaki wanayemkuta nyasini. Jike ambaye hajataga, ukimpapasa tumbo unalikuta limejaa, na palipopasuka mayai ya rangi ya machungwa yanamwagika. Aliyekwisha kutaga tumbo lake ni tepetepe, ndani yamebaki mayai machache ya kuhesabika. Na hata kama dubu amekula tumbo lote, mkia unasema: jike aliyechimba kwa siku kadhaa, ncha ya mkia wake imelika na kuwa nyeupe. Dume ni mgumu zaidi kumsoma. Kwake unatazama ukungu kwenye ngozi, mapezi yaliyochanika, rangi iliyofifia. Kisha unaangalia dubu amekula nini: fuvu limetobolewa ubongo ukatolewa, nundu imeng'atwa, au tumbo limefunguliwa. Ni kazi ya kuchosha na yenye harufu kali, lakini bila hiyo huwezi kusema lolote la maana kuhusu dubu na samoni.

Sasa ile habari niliyokuahidi. Kisiwani Kodiak kuna Ziwa Karluk, ambalo mto wake ulikuwa maarufu kwa samoni wekundu. Viwanda vya kusindika samaki vilianza kazi kwenye mdomo wa mto huo tangu miaka ya 1880, na kufikia katikati ya karne iliyopita samoni walikuwa wamepungua sana. Mwaka 1947 ulifanyika uchunguzi wa dubu kwenye vijito vya ziwa hilo. Idadi ya samaki waliokutwa wameuawa ilikuwa kubwa, na ripoti iliyochapishwa mwaka 1950 ilieleza ulaji huo kama uharibifu mkubwa na kupendekeza dubu wadhibitiwe. Wavuvi na wenye viwanda waliupenda ujumbe huo. Tatizo ni kwamba hifadhi ya Kodiak ilikuwa imeanzishwa mwaka 1941 kwa ajili ya kuwalinda dubu hao hao. Mabishano yakawa makali. Miaka ya 1960 watafiti walirudi kwenye vijito vya ziwa lile lile, safari hii wakichunguza kwa makini zaidi kila samaki aliyeuawa alikuwa katika hali gani, na sehemu kubwa ya waliokutwa wameuawa walikuwa wamekwisha kutaga. Kisiwa kile kile, dubu wale wale, lakini picha ikageuka. Mimi huwa nawapa wanafunzi kisa hiki mapema kabisa, kwa sababu hesabu ya 1947 haikuwa ya uongo. Mizoga ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni swali la pili.

Usinielewe kwamba dubu hula mizoga na wagonjwa tu. Ungekuwa uongo wa upande wa pili. Dubu akiweza kuchagua, humpendelea samaki mpya, aliyeingia jana, mwenye mafuta, kuliko yule aliyechakaa. Swali ni je, anaweza kuchagua? Hapo ndipo maji yanapoamua.

Chukua kijito cha Hansen, kwenye maziwa ya mfumo wa Wood River kusini-magharibi mwa Alaska, eneo ambako Chuo Kikuu cha Washington kimekuwa na kambi za utafiti tangu miaka ya 1940. Kijito kina urefu wa takribani kilomita 2, upana wa wastani kama mita 4, na kina cha wastani cha sentimita 10 hivi. Sentimita 10! Samoni wa nusu mita akiingia humo mgongo wote uko nje, anajisukuma kwa tumbo juu ya mawe, na maji yanaruka kila upande. Dubu hahitaji ufundi wowote wa kuvua. Anatembea tu. Kwenye kijito cha namna hiyo sehemu ya samaki wanaouawa inaweza kuwa kubwa mno, na wengi wao ni wapya. Nenda sasa kwenye mto mkubwa, mpana, wenye maji ya kufika kifuani mwa mtu. Samaki wapya wenye nguvu wanampita dubu bila shida, naye anaambulia wale waliochoka. Ukihesabu kwa asilimia, hasara yake ni ndogo.

Maporomoko ya Brooks ni hali ya pekee. Urefu wake ni kama mita 2 hivi, samaki wanalazimika kupita hapo, na kila samoni anayedakwa pale bado hajataga, maana viota viko mbele zaidi. Kwa hiyo uliyoyaona ni hasara kamili, samaki kwa samaki, na huna sababu ya kuambiwa vinginevyo. Lakini dume mkubwa wa dubu, mwenye nafasi nzuri, anaweza kula zaidi ya samaki 30 kwa siku, na ukizidisha kwa dubu waliopo bado unapata sehemu ndogo ya mamia ya maelfu ya samoni wanaopanda mto huo. Kamera inaelekezwa mahali ambapo dubu wanakamata. Haioni mafungu yanayopita chini ya maji. Kama utapata nafasi mwezi Septemba, tazama kamera ya sehemu ya chini ya mto huo huo. Utawaona dubu wakiokota samoni walioregea, wenye ngozi nyeupe-nyeupe, waliokwisha kumaliza kazi yao. Watu wengi hawaitazami, kwa kuwa hakuna samaki anayeruka.

Kuna jambo la pili linalowalinda samoni, nalo ni kuja kwao wote kwa pamoja. Wewe wa Mwanza, Serengeti iko jirani, unajua nyumbu wanavyozaa Ndutu: maelfu kwa maelfu ya ndama ndani ya wiki chache, simba na fisi wanashiba mpaka wanaacha, na ndama wengi wanasalimika kwa sababu tu matumbo ya wawindaji yana mwisho. Samoni wanafanya hivyo hivyo. Idadi ya dubu kwenye bonde moja haiongezeki ghafla kwa sababu samaki ni wengi mwaka huu; dubu jike huzaa watoto wachache na kukaa nao miaka miwili au zaidi, na tumbo moja ni tumbo moja. Samaki wakiwa mara mbili, waliouawa hawawi mara mbili. Kwa hiyo asilimia inayouawa hushuka mwaka wa neema. Kinyume chake ni kweli pia, na hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu: mwaka ambao samaki ni wachache kwenye kijito kifupi, dubu wale wale wanaweza kuondoa sehemu kubwa mno.

Hiyo ndiyo sababu pia ya ule ulaji uliokukera, wa kula mayai na kuacha mwili. Dubu hafanyi hivyo siku zote. Samaki wakiwa haba anakula karibu kila kitu. Wakiwa wengi anachukua mayai, ubongo, nundu ya dume, na kuacha sehemu kubwa ya nyama; watafiti waliopima mizoga walikuta mara nyingi robo tu ya samaki imeliwa. Dubu ana miezi michache ya kujaza mafuta ya kumpitisha majira ya baridi, wakati ambapo hatakula kabisa na anaweza kupoteza theluthi ya uzito wake. Jike mwenye mimba atazaa na kunyonyesha humo humo pangoni, bila kula. Anatafuta mafuta mengi kwa muda mfupi, na kumaliza samaki mmoja mpaka mkia, wakati mwingine mnene yuko hatua mbili mbele, ni kupoteza muda huo.

Kuna pia nafasi ya kutagia. Changarawe nzuri, yenye maji safi yanayopenya kati ya mawe, haitoshi kila mtu. Majike wakijaa, jike anayechelewa huchimba pale pale palipotagwa wiki iliyopita, na mayai ya mwenzake yanasombwa na mkondo. Kwa hiyo kijito kilichojaa kupita kiasi hakitoi vifaranga wengi zaidi kwa kila jike anayeongezeka. Dubu akiondoa baadhi ya samaki kwenye msongamano huo, idadi ya vifaranga watakaotoka majira ya kuchipua inaweza isibadilike hata kidogo. Kwenye kijito chenye majike ishirini tu, kila mmoja ana uzito wake.

Mpaka hapa nimezungumzia idadi. Lakini ukiniuliza mimi, athari kubwa ya dubu kwa samoni haipo kwenye idadi. Ipo kwenye umbo na tabia ya samoni wenyewe.

Dubu hawaui ovyo. Kwenye vijito vyenye maji machache, samaki mkubwa ndiye anayeonekana, ndiye anayekwama, ndiye anayelipa. Thomas Quinn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba dubu huua zaidi samoni wakubwa kuliko wadogo, na madume kwa kiwango kikubwa kuliko majike. Sasa fikiria vizazi na vizazi vya mchujo huo. Mwili mkubwa una faida zake: dume mwenye nundu kubwa anawashinda wenzake, jike mkubwa ana mayai mengi zaidi. Faida hizo zinamvuta samoni kuwa mkubwa, dubu anamvuta kuwa mdogo. Matokeo unayaona kwa macho. Samoni wa vijito vifupi vyenye dubu wengi ni wadogo na wembamba, madume yana nundu ndogo. Wanaotaga kwenye fukwe za ziwa, kwenye kina ambacho dubu hawafikii, ni wapana kama sinia, nundu zao ni kubwa ajabu. Wote ni aina moja, na maskani yao yanaweza kuwa kwenye ziwa moja. Hata madume wadogo wanaorudi mapema, baada ya mwaka mmoja tu baharini, wanapata nafasi yao hapa: hawawezi kupigana na wakubwa, lakini wanapita kwenye maji ambayo mkubwa angekwama, na huiba nafasi ya kurutubisha mayai pembeni mwa jozi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao naupenda kuliko yote katika uwanja huu, ulilinganisha jamii sita za samoni wekundu kwa kuwawekea alama samaki mmoja mmoja na kufuatilia wanachakaa kwa kasi gani baada ya kuingia kijitoni. Kuchakaa huko ni uzee hasa, uzee wa wiki mbili tatu: ngozi inaoza, misuli inaisha, mwendo unakuwa mzito. Nadharia ya zamani ingekuambia kwamba palipo na vifo vingi, wanyama huzeeka upesi, maana hakuna faida ya kujitunza kwa ajili ya kesho ambayo huenda usiione. Watafiti walikuta hilo lina ukweli kiasi, lakini lililokuwa na nguvu zaidi ni kitu kingine. Kwenye vijito ambako dubu walikuwa wakiwaua hasa samaki waliochakaa, samoni walichelewa kuchakaa. Ukiwaza ni wazi kabisa: kama kulegea ndiko kunakokuua, basi anayebaki na nguvu siku mbili zaidi ndiye anayeendelea kulinda kiota au kupata jike mwingine, na watoto wake ndio wanaorithi mwili huo. Dubu ambaye anamkamata aliyechoka amekuwa, bila kujua, anafuga samoni wasiochoka upesi.

Tabia nayo inabadilika, tena siku hadi siku. Kwenye vijito vitatu vya eneo hilo hilo samoni waliwekewa vifaa vya kurekodi kila wanapoingia na kutoka, na wastani wa karibu nusu yao walikuwa wakienda na kurudi: mchana wanakaa ziwani, ambako dubu hawawezi kuwagusa, usiku wanaingia kijitoni, saa ambazo dubu wa pale walikuwa wachache. Kwenda na kurudi huku kulikuwa kwingi mwanzoni mwa msimu, samaki akiwa bado ana nguvu. Lakini usichukue usiku kuwa salama kila mahali. Visiwani Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada, mtafiti Tom Reimchen alikuta dubu weusi wakivua samoni aina ya chum hata gizani, na mafanikio yao usiku yalikuwa makubwa kuliko mchana. Dubu mmoja pale alikuwa akichukua takribani samoni 700 kwa msimu mmoja wa wiki kama sita. Kila bonde lina dubu wake na saa zake.

Kuhusu mizoga inayoachwa msituni nitapita haraka, kwa sababu imeandikwa sana na wakati mwingine kwa kutiwa chumvi. Nitrojeni ya baharini ina alama yake ya kikemia inayoweza kupimwa kwenye majani ya miti, na miti ya kando ya mito ya samoni inayo. Sehemu kubwa husambazwa na dubu wenyewe, kwa mizoga wanayoiburuta na hasa kwa mkojo. Pale Hansen watafiti walifanya jambo la subira: kwa miaka 20, kila walipohesabu samaki waliokufa, waliwatupa wote upande mmoja wa kijito, zaidi ya tani 260 kwa jumla. Mwisho wakapima misprusi, miti ya jamii ya misonobari, ya pande zote mbili, na ya upande uliotupiwa samaki ilikuwa imeongeza kasi ya kukua. Hilo ni thabiti. Ila sitakuambia kwamba samoni anafidiwa na msitu kwa kila jike anayeliwa. Sijaona hesabu ya kuaminika inayofunga mduara huo.

Wala usidhani dubu ni mashine ya kula samaki. Kodiak, mwaka 2014, joto lilifanya vitunda vyekundu vya kichaka kiitwacho elderberry viive mapema, wakati ule ule samoni walipojaa vijitoni. Dubu waliviacha vijito, wakapanda milimani kula vitunda. Samaki wakabaki. Sababu ni kwamba dubu hunenepa vizuri zaidi kwa chakula chenye protini kiasi kuliko kwa samaki mtupu, na vitunda hivyo vinakaribia kipimo chake. Kwa samoni wa Kodiak, hali ya hewa milimani inaweza kuamua ni wangapi wataliwa bondeni.

Sasa kwa nini dubu wanaachwa? Nikupe takwimu moja. Mwaka 2022 samoni wekundu waliorudi Ghuba ya Bristol, yalipo mabonde haya ya Brooks na Wood River, walikuwa kama milioni 79, rekodi ya miaka yote. Milioni 60 hivi walivuliwa na watu kwa nyavu, kabla hawajafika popote karibu na dubu. Dubu wanagawana kilichopita. Na wasimamizi wa uvuvi wanajua nini kimepita: kwenye mito ya ghuba hiyo kuna minara, mtu anasimama juu na kuhesabu samaki kwa dakika 10 za kila saa, kila ukingo, usiku na mchana. Hesabu ikiwa chini ya lengo, uvuvi unafungwa, ikizidi, unafunguliwa. Lengo lenyewe limetokana na miaka mingi ya kumbukumbu za mito ambayo dubu walikuwemo siku zote. Kwa maneno mengine fungu la dubu limekwisha kuhesabiwa ndani. Ukiua dubu, hupati samaki wa ziada wa maana; unapata kijito chenye msongamano zaidi.

Hali ambayo mimi mwenyewe ningeogopa mlaji ni pale watu wanapokuwa wamejenga ukuta na samaki wamekwisha kupungua. Seattle, miaka ya 1980, simba-bahari, wanyama wa baharini walao samaki, walijifunza kusubiri kwenye lango la meli la Ballard, ambako samaki aina ya steelhead, ndugu wa samoni, walilazimika kukusanyika kutafuta njia ya kupanda. Samaki hao walikuwa wachache tayari, na waliporomoka. Hakukuwa na kushibisha mlaji hapo, kwa kuwa hawakutosha kumshibisha mtu, na foleni ilitengenezwa na saruji. Kama dubu wangekuta samoni mia mbili wamebanwa chini ya bwawa, ningesema waondolewe mahali hapo leo leo.

Nimefika kwa swali lako la midomo ya mito, na nadhani sasa unaona tofauti. Unamkumbuka samaki wetu ningu. Mvua zikianza alikuwa anatoka Ziwa Victoria kwa makundi kupanda mito kwenda kutaga, na wazee wa pande zote za ziwa wanajua alivyokuwa akijaa. Nyavu za makila zilipoenea zikatandazwa midomoni mwa mito, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka. Wavu ule haufanani na dubu kwa lolote nililokueleza. Unasimama mwanzoni mwa safari, kwa hiyo kila jike anayenaswa bado ana mayai yote. Haushibi. Samaki wakipungua bei inapanda na nyavu zinaongezwa, pale ambapo dubu angehamia kwenye vitunda. Na ningu hafi baada ya kutaga kama samoni hawa. Hurudi ziwani na anaweza kupanda tena mvua nyingine, kwa hiyo jike mmoja aliyenaswa mlangoni mwa mto amekatiwa misimu yote iliyokuwa imebaki mbele yake.